Mrejesho: utambi wa atomaiza ya sigara ya kielektroniki (vape), kuungua kumeisha, kuvuja bado

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Wiki tatu zilizopita niliuliza utambi upi wa kunyonya juisi ya vape unafaa kwenye atomaiza (sehemu inayogeuza juisi kuwa mvuke) ya kufunga koili, yaani waya unaopata moto, mwenyewe, maana nikivuta mara tano sita tu napata ladha ya kitambaa kilichoungua. Nilikuwa natumia kamba ya silika (nyuzi za aina ya kioo).

Nilianza na ushauri wa pamba ya famasi. Niliichemsha mara mbili, nikaianika siku nzima. Ladha ikawa safi, lakini kuungua kukabaki. Kumbe nilikuwa naishindilia! Aliyenieleza kwamba pamba hufura ikilowa, kwa hiyo ipite ndani ya koili kwa kukwama kidogo tu bila kuivuta waya, ndiye aliyeniokoa. Koili yangu ina uwazi wa milimita 3. Nikapunguza pamba, nikazichambua ncha kwa kitana, nikazikata ziguse tu sakafu ya vishimo vya juisi. Sasa navuta kwa wati 35 na koo limetulia. Asante sana mkuu, Mungu akubariki.

Rayoni (nyuzi laini za kiwandani) nayo nimeijaribu. Inanyonya haraka kuliko pamba, na niliijaza zaidi kama mlivyosema. Hata hivyo tangi la juisi likilala ubavu usiku, asubuhi nakuta juisi kwenye matundu ya hewa. Hilo limenishinda, nimerudi kwenye pamba. Kwa juisi tamu pamba huwa nyeusi mapema, hivyo naibadilisha kila baada ya siku nne.