Matumbawe yamejikunja na kupauka katika tangi la lita 60: tatizo ni taa au ni maji?

MkaaziMuscat aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naishi Muscat, na kwa miezi 14 sasa nafuga matumbawe katika tangi dogo la lita 60, ambalo ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga hubaki na lita zipatazo 50 za maji. Nina Euphyllia (tumbawe gumu lenye minyiri mirefu) yenye vichwa vitatu, Sarcophyton (tumbawe laini) moja na samaki wawili. Kwa siku kumi hivi Euphyllia imekuwa ikirudisha minyiri yake ndani, na rangi yake ya kijani imepauka hata mfupa wa chokaa unaonekana kupitia nyama. Sarcophyton nayo imefunga polipu zake zote (vijidomo vyake vyenye minyiri midogo). Samaki wanakula kama kawaida.

Vipimo vya jana ni hivi: joto nyuzi 26, amonia sifuri, nitrati miligramu 10 kwa lita, alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) 9.5 kwa kipimo cha dKH, ingawa miezi yote iliyotangulia ilikuwa haivuki 8.3. Kipimo cha chumvi, kile cha plastiki chenye mkono unaoelea, kinasoma 1.025, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu. Mwezi uliopita niliweka taa mpya ya LED, kwa hiyo nashuku mwanga. Sijatia dawa yoyote. Naomba msaada kabla sijayapoteza.

Kipwa alijibu:

Wa alaykum salaam. Taa mpya huweza kuyaumiza matumbawe, na si vibaya ukaipunguza hadi nusu ya nguvu yake, kisha ukaipandisha kidogo kidogo kwa muda wa wiki tatu au nne. Hata hivyo sidhani kwamba mwanga ndio uliofanya haya yote. Sarcophyton hujifunga kwa siku kadhaa inapojivua utando wake, na hilo halina madhara. Lakini matumbawe mawili ya jamii mbalimbali yakijifunga kwa wakati mmoja, mimi huyatazama maji kwanza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni alkalini. Haipandi yenyewe, maana Euphyllia huitumia kila siku kujenga mfupa wake, na wewe unasema hukutia kitu. Je, maji yanapopungua tangini unajazia nini?

MkaaziMuscat:

Zamani nilijazia maji matamu yaliyosafishwa. Kichujio changu kiliharibika wiki mbili zilizopita, na tangu hapo najazia maji ya chumvi yanayouzwa dukani yakiwa yamechanganywa tayari, kama nusu lita kila siku, kwa sababu kiyoyozi hukausha sana hewa ya humu chumbani. Nilidhani ni salama zaidi kwa kuwa ni maji yaleyale niyatumiayo kubadilishia lita tano kila Ijumaa.

Kipwa:

Basi chanzo tumekipata. Kinachoruka hewani ni maji peke yake, nayo chumvi hubaki. Nusu lita ya maji ya chumvi ina takriban gramu 17 za chumvi, na katika lita 50 hizo hupandisha kiwango kwa theluthi moja ya gramu kwa lita kila siku. Kwa siku 14, hata ukitoa lita ulizobadilisha, umetoka gramu 35 kwa lita ukakaribia 40. Alkalini yako inathibitisha hivyo hivyo, kwani 8.3 ikipanda kwa uwiano wa 40 kwa 35 huwa 9.5 hasa.

Kile kipimo cha mkono usikiamini. Chumvi ikiganda juu ya mkono huuongezea uzito, nao husoma chini ya ukweli. Azima refraktometa (kifaa kinachopima chumvi kwa kupinda kwa mwanga), uirekebishe kwanza kwa maji ya kipimo yenye chumvi 35, wala si kwa maji matamu. Ukishahakikisha, usiishushe chumvi kwa siku moja, kwa sababu tumbawe lililokwisha kuzoea maji mazito huumia tena yakibadilika ghafla. Toa lita moja ya maji ya tangi kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, urudishe maji matamu yaliyosafishwa kiasi hicho hicho. Kila lita itashusha kama 0.8. Yale yanayoruka nayo yajazie maji matamu. Usiguse alkalini wala kalisiamu, maana vitashuka pamoja na chumvi.

MwambaWaUnguja:

Naongeza jambo moja. Kupauka si kufa. Mwaka 1998 bahari yetu ilipopata joto, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe kwa kuwapoteza vimwani wanaoishi ndani ya nyama yao na kuyalisha. Mengi yalikufa, lakini mengine yalirudisha rangi. Kwa hiyo usiling'oe wala kulihamisha. Likague kila jioni: ukiona ute wa rangi ya kahawia kwenye kichwa kimoja, kitenge na vingine siku hiyo hiyo, kwani ute huo huenea haraka sana.

MkaaziMuscat, baada ya siku tisa:

Shukrani sana, ndugu zangu. Refraktometa ilisoma 40, na leo imesoma 35. Alkalini imerudi 8.2. Ute wa kahawia ulitokea siku ya tatu kwenye kichwa cha kushoto, nikakikata, na sikuweza kukiokoa. Vichwa viwili vilivyobaki vilianza kutoa minyiri juzi usiku, na Sarcophyton imefungua ukingo mmoja. Taa bado ipo nusu.