Mrejesho: Mama kafika Minneapolis, na begi lake pia

Wadau, niliuliza hapa kuhusu safari ya mama kutoka Mtwara hadi Minneapolis kupitia Dar, Doha na Chicago: je, begi linapitiliza au analichukua njiani? Kafika salama, alhamdulillah.

Tiketi ya Mtwara–Dar ilikuwa mbali na ile ya kimataifa, hivyo Dar alichukua begi Terminal 2, akaenda Terminal 3 kulikabidhi upya. Mlioshauri aondoke Mtwara siku moja kabla, Mungu awabariki. Ndege ile ilichelewa mpaka usiku, angeachwa. Doha hakuligusa begi.

Kazi ilikuwa Chicago. Lebo ya begi ilisomeka MSP, yaani Minneapolis, lakini Marekani begi unalichukua kwenye kiwanja cha kwanza unachoingilia, unapita nalo forodha, ndipo unalikabidhi tena. Nilimwandikia hilo kwenye karatasi kwa Kiingereza, akawa anawaonyesha wahudumu. Korosho zake za kukaanga alizitaja forodhani, wakamruhusu. Baada ya hapo kuna treni ya kiwanjani kutoka Terminal 5, halafu ukaguzi mwingine. Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu mno. Saa mbili zisingemtosha kabisa, na nashukuru tulikataa ile tiketi ya bei rahisi.

Mwenye mzazi asiyejua Kiingereza, aombe huduma ya kusindikizwa mapema, wakati wa kukata tiketi. Dawa za presha zikae mkobani, si kwenye begi kubwa.