Mjadala: Shule ya kata isiyo na maabara kamili, ifundishe titresheni kwa asidi ya betri au isubiri?

Mleta mada

Wadau, kila ikifika Oktoba mabishano ni yale yale katika ofisi za walimu wa sayansi, basi tuyalete hapa. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na bailojia. Wananchi wakachanga, kuta zikasimama. Lakini ukuta si maabara. Kuna vyumba vyenye meza ndefu za zege na sinki zisizo na bomba, vilivyogeuzwa madarasa ya kawaida kwa sababu watoto ni wengi. Karatasi ya pili ya kemia, ile ya vitendo, inamkuta mtoto ameona bureti (mrija wa kioo wenye vistari na koki chini) mara moja, wiki mbili kabla ya mtihani, tena akiwa nyuma ya wenzake wanane.

Swali: shule ya namna hii ianze vitendo tangu kidato cha kwanza kwa vitu vya duka la spea, duka la pembejeo na jikoni, au isubiri vifaa kamili ili isimfundishe mtoto vibaya?

Mimi nasema ianze. Titresheni, yaani kudondoshea asidi kwenye alkali hadi zimalizane ili kujua ukolevu wake, inayoogopwa kuliko zote, ndiyo yenye dawa nyepesi kupatikana. Tupige hesabu. Mwanafunzi akifanya jaribio moja la kukisia na matatu ya kweli, pamoja na kusuuza bureti, anamaliza kama mililita 120 za asidi. Wanafunzi 50 ni lita 6. Asidi ya betri ni asidi ya salfa yenye molari (kipimo cha ukolevu) kama 4.5. Ukitia mililita 11 kwenye maji na kujaza hadi lita moja, unapata molari 0.05 kwa kukadiria. Lita 6 zote zinakula mililita 66. Chupa moja inatosha darasa mwaka mzima na inabaki.

Upande wa alkali, chukua beking soda na uichome kikaangoni ukikoroga hadi uzito uache kupungua. Gramu 100 zinakuachia kama gramu 63 za sodiamu kaboneti. Gramu 5.3 za hiyo katika lita moja ni molari 0.05. Na hili nalipenda: kwa kuwa asidi ya dukani haina namba kamili, mwalimu mwenyewe hajui jibu mpaka apime. Mililita 20 za kaboneti zikimalizwa na mililita 21.1 za asidi, basi asidi ni molari 0.047, si 0.05. Mtoto anapima kitu kisichojulikana kweli, hanakili jibu la mwaka jana.

Nieleweke: nazungumzia kufundishia. Siku ya mtihani shule inaandaa kile ambacho maelekezo ya Baraza la Mitihani yamesema, neno kwa neno.

Fundi Sanifu Maabara

Mleta mada, hesabu zako sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba umezungumzia dawa tupu, wakati kwenye titresheni anayepimwa ni mkono.

Shule zinazofuata njia hii huwa hazina bureti, zinampa mtoto bomba la sindano la mililita 10. Bomba hilo vistari vyake vinapishana kwa mililita 0.2, bureti vinapishana kwa 0.1 na jicho lililozoea linasoma nusu yake. Ili afikishe mililita 20 lazima avute mara mbili, na kila akivuta anaongeza kosa. Sindano haina koki. Mtoto aliyezoea kusukuma kwa dole gumba, mpe bureti: anafungua koki yote, majimaji yanamwagika mililita tatu ilhali alihitaji tone moja.

Makosa yanayokula alama ni haya, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye sindano. Anaacha faneli juu ya bureti, inadondosha matone katikati ya kazi. Anasahau kutoa hewa chini ya koki. Kiputo kinatoka baadaye na usomaji unaruka karibu mililita nzima bila tone lolote kuingia kwenye chupa. Anasoma mkunjo wa maji kutoka juu, jicho halijalingana nao. Anasuuza chupa ya pembe, ile inayopokea matone, kwa alkali akidhani ni usafi, kumbe ameongeza alkali ambayo haikupimwa. Chupa ile husuuzwa kwa maji matupu, pipeti, mrija wa kuvutia alkali iliyopimwa, ndiyo inayosuuzwa kwa alkali na bureti kwa asidi. Anapuliza tone la mwisho la pipeti, wakati pipeti imetengenezwa kwa hesabu kwamba tone hilo linabaki.

Sasa umfundishe miaka minne kwa sindano halafu umkabidhi bureti Novemba? Afadhali asifundishwe, atakuja na mkono mweupe tuuelekeze.

Mwalimu wa Fizikia

Fundi, hapo kwenye "afadhali asifundishwe" umepitiliza. Kwa somo langu kusubiri ni uzembe mtupu. Pendulamu inataka uzi, nati ya boliti na simu yenye saa ya kuhesabu. Uzi wa mita moja, kutoka ncha ya kufungia hadi katikati ya nati, unatoa mizunguko 20 kwa sekunde 40 hivi. Badilisha urefu mara sita, chora mraba wa muda wa mzunguko mmoja dhidi ya urefu, mteremko uwe karibu na 4. Mstari usipopita kwenye sifuri, mtoto amepima uzi bila nusu ya nati; ukikuta mteremko wa 3.6, ameanza kuhesabu "moja" pale anapoachia badala ya "sifuri". Kosa hilo la "moja" ni maarufu kuliko yote na halihusiani kabisa na ubora wa kifaa.

Springi hali kadhalika: chupa ya plastiki na maji, kila mililita gramu moja. Kinachonishinda ni vifaa vya umeme: waya wa daraja la mita wa kupimia ukinzani, na galvanomita ya kuonesha mkondo mdogo. Hivyo vinunuliwe, havina mbadala wa maana.

Mleta mada

Fundi, nimekubali kuhusu sindano. Basi nigeuze hoja: fedha ya dawa iende kwenye vioo. Shule zinafanya kinyume. Ikija ruzuku, orodha inajaa asidi ya haidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu ya maabara, vitu vyenye mbadala, halafu bureti zinabaki tatu kwa wanafunzi 120. Bureti ikitunzwa ni ya miaka. Chupa ya asidi ni ya muhula mmoja.

Mjumbe wa Bodi ya Shule

Naomba nami niulize kwa upande wa wazazi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya vitabu haifiki shuleni kama fedha taslimu. Kinachobaki kinagawanywa kati ya chaki, umeme, karatasi za mitihani ya ndani na ukarabati. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ada imefutwa na michango ina masharti. Tukisema hadharani kwamba vitendo vinawezekana kwa asidi ya betri, nani atahangaika tena kuleta maabara? Mtoto wa shule ya kulipia ashike vioo, wa kata ashike kopo, na sote tupige makofi kwa ubunifu?

La pili ni usalama. Asidi ya betri mikononi mwa watoto 50, mwalimu mmoja. Likitokea la kutokea, mkuu wa shule anasimama wapi?

Mwalimu wa Kemia, Kanda ya Kati

Mjumbe, la kwanza ni hoja nzito na sina jibu la kukuridhisha. La pili lina majibu.

Mtoto hagusi asidi ya chupa. Anayezimua ni mwalimu au fundi, kabla ya kipindi, amevaa miwani na glavu: maji kwanza, asidi juu yake kidogo kidogo huku akikoroga. Ukimimina maji juu ya asidi, joto linachemsha tabaka la juu na linakurukia usoni. Kinachofika mezani ni molari 0.05. Ikimwagikia kwenye sare haitoboi siku hiyo, lakini isipooshwa maji yake yanakauka, asidi inabaki imekolea, na baada ya kufua mara moja mbili tundu linatokea. Kwa hiyo ndoo mbili za maji safi chumbani kabla ya kitu chochote. Jicho likiingia dawa: maji mengi kwa dakika 15 hadi 20, kope zimeshikwa wazi, ndipo hospitali. Ninayoiogopa zaidi ni kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu, si asidi. Asidi inauma papo hapo na mtoto anapiga kelele. Kostiki inateleza kama sabuni na inaendelea kula taratibu. Ndiyo sababu nami nachagua kaboneti kwa titresheni.

Kuhusu maandalizi, mleta mada amepita haraka mahali penye mashimo.

Beking soda si beking pauda. Pauda ina wanga na asidi ya unga. Ukiichoma inakuwa kahawia na kunuka kama mkate ulioungua, na hesabu zote zinakufa. Magadi ya bonge, yale ya Ziwa Natron, nayo hayafai kuwa kipimo: ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, pamoja na chumvi na udongo. Yanafaa kuonesha povu, basi.

Kikaango kisiwe cha alumini. Sufuria nyingi za majumbani ni alumini, na kaboneti ikipata unyevu inaila. Tumia chuma cha pua au chungu kipya.

Mizani ndiyo inayoangusha wengi. Ya jikoni inasoma gramu moja moja. Ukiitumia kupima gramu 5.3 unaweza kukosea kwa asilimia 10. Pima gramu 53, yeyusha hadi lita moja, halafu chukua mililita 100 za hiyo uijaze tena hadi lita moja. Kosa linashuka hadi asilimia moja hivi. Na lita yenyewe usiamini chupa ya maji ya kunywa ilipojazwa: weka chupa tupu kwenye mizani, tia maji kilo moja, piga mstari kwa kalamu ya wino mzito.

Maji nayo. Visima vya Dodoma na Singida vingi vina chumvi na ugumu. Baikaboneti iliyomo kwenye maji inakula asidi yako, usomaji unapanda kwa kila mtoto na hakuna anayejua kwa nini. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, au maji ya betri. Maji ya betri, jamani, si asidi ya betri! Yote yanauzwa duka moja, mara nyingine rafu moja. Soma lebo, kisha jaribu tone kwenye magadi: likitoa povu, hayo si maji.

Kiashiria, dawa ya kuonesha mwisho kwa kubadili rangi, usibane matumizi. Choya iliyolowekwa kwa maji moto inafaa kidato cha kwanza kutambua kipi asidi na kipi alkali: nyekundu huku, kijani kule. Ila inabadilika polepole, inapitia zambarau na rangi ambazo kila mtoto anazipa jina lake, kwa hiyo haina pa kukomea. Nunua methili chungwa, gramu 0.1 kwenye mililita 100 za maji, matone mawili kwa kila chupa. Wengi wanatia matone kumi ili "ionekane vizuri", na rangi inapokolea hivyo mabadiliko ndiyo yanafichika.

Mwalimu wa Bailojia

Kwa ufupi. Iodini ya duka la dawa inatosha kupima wanga, izimuliwe hadi iwe rangi ya chai nyepesi. Mrututu (salfeti ya kopa) kwa kipimo cha protini na cha sukari unapatikana pembejeo, lakini dawa nyingi za ukungu zinazoitwa "kopa" ni kopa oksikloridi au hidroksidi, si mrututu. Weka kijiko kwenye maji: mrututu unayeyuka na kuacha maji ya buluu angavu. Ukiona tope la kijani au buluu linalozama, rudisha dukani. Taa ya spiriti isiongezewe spiriti ikiwa bado ya moto. Mwali wake mchana hauonekani, na hapo ndipo watu wanaungua.

Fundi Sanifu Maabara

Mwalimu wa Kanda ya Kati amenisogeza kidogo, siyo sana. Masharti yangu ya kukubali ni mawili.

Bureti kumi, zisipungue. Wanafunzi 50 kwa makundi matano, kila kundi vipindi viwili mfululizo, mtoto mmoja bureti moja. Watano kwenye bureti moja maana yake mmoja anafanya na wanne wanaandika namba zake. Ukitaka kujua kama darasa limefundishwa, usisome daftari. Simama ubavuni mwa mtoto karibu na mwisho wa kazi. Aliyefundishwa, mkono wa kushoto umezunguka koki kutoka nyuma, wa kulia unatikisa chupa, na tone lililoning'inia kwenye ncha analigusisha ukingo wa chupa na kulisuuza ndani kwa maji kidogo. Ambaye hakufundishwa ameinua mikono yote miwili na anangoja tone lianguke lenyewe.

Sharti la pili: uchambuzi wa chumvi, yaani kutambua chumvi isiyojulikana imeundwa na nini, hauingii kwenye mambo haya ya mtaani. Nitreti ya fedha haina mbadala jikoni, na kwa maji ya kisima yenye chumvi itatoa mashapo meupe kwenye kila kitu, hata kwenye maji matupu. Chumvi za risasi zinunuliwe kidogo, zitumike kwa matone, na mabaki yake yaingie chombo chake, yasimwagwe nyuma ya darasa ambako akina mama wanalima mchicha. Mabaki ya titresheni hayana shida, yatie magadi hadi povu liishe, mwaga.

Mjumbe wa Bodi ya Shule

Bureti kumi na mizani tunaweza kuziingiza kwenye bajeti ya Januari. Lakini nitataka kumbukumbu za kikao ziandike kwamba asidi ya betri ni ya kufundishia hadi maabara ipatikane, na tarehe ya kuiulizia halmashauri tena iwekwe humo humo. Isipoandikwa, miaka mitano ijayo ndiyo itakuwa maabara yenyewe.

Mleta mada

Andikeni. Na chupa yake ifungiwe kabatini. Funguo mbili, moja kwa fundi, moja kwa mkuu.