Taa ya cheki injini haizimiki kwenye Mazda RX-8 ya 2004, naombeni ushauri

Mtu wa Tabata: Wakuu, heshima kwenu. Nina RX-8 ya 2004, gia ya mkono. Taa ya cheki injini inawaka, fundi anaifuta kwa mashine, nikifika Ubungo imerudi. Mashine inasoma P0420. Sensa ya oksijeni ya nyuma nimebadilisha, plagi mpya. Gari linatembea, ila mlimani halina nguvu. Nimechoka kutoa hela. Shida ni nini?

Mama Wawili: Mwanangu, uza hilo gari ununue IST. Baba watoto naye alikuwa na gari la mbio enzi zile tukiwa Tanga. Kila likizo tunasukuma Segera, mimi na mimba yangu.

Zungu la Nne: Rangi gani, mkuu? Kama ni nyekundu njoo inbox.

Spana14: P0420 maana yake kompyuta inaona masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, hayafanyi kazi yake. Sensa ya mbele inasoma kabla ya masega, ya nyuma inasoma baada yake. Zikianza kusoma kwa kufanana, taa inawaka. Sensa uliyobadilisha huenda haikuwa na kosa. Masega yapo?

Mtu wa Tabata: Ekzosi iko sawa, mkuu.

Spana14: Sijauliza ekzosi. Masega yapo au hayapo?

Mtu wa Tabata: Hayapo. Yalitolewa mwaka jana. Fundi alisema yameziba, akanitafutia mnunuzi, hela ikaenda kwenye ada ya mtoto. Sioni aibu, mjini hapa wengi wanatoa. Sasa ameagiza kipande cha kuchomeka kwenye sensa ya nyuma ili isipigwe na moshi moja kwa moja, na nusu nimeshalipa. Nataka tu kujua kama taa itazimika.

Mja Mwema: Ndugu yangu, moshi huo tunauvuta sisi na watoto wetu kwenye foleni. Na ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Wanunuzi hawazungukii gereji bure. Fedha ya halali haina haraka hivyo.

Mtu wa Tabata: Nilikuwa na shida, kaka. Na si kwamba injini nimeitelekeza, fundi ameifungua akabadilisha ringi za pistoni.

Dereva Kiziwi: Hii ni chai! RX-8 haina pistoni. Injini yake ni ya rotari, rota mbili za pembe tatu zinazunguka. Ringi hizo aliziweka wapi? Huna gari wewe. Modi, funga uzi.

Zungu la Nne: Chai na vitumbua. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta hela.

Mtu wa Tabata: Usifungwe tafadhali. Risiti nimepiga picha, nimeiweka hapo juu. Imeandikwa "ringi za pistoni seti 1 na ufundi". Mimi nafundisha historia, nimelipa nilichoandikiwa.

Spana14: Mimi namwamini. Mtunzi angesoma kidogo kwanza. Mdogo wangu, umepigwa. Sasa sikia: injini hiyo ina koili nne, zile zinazopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, na plagi nne. Koili ikichoka, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega mpaka yanayeyuka na kuziba. Kwa hiyo huenda ni kweli yaliziba, lakini kilichoyaziba hakuna aliyekigusa, na ndiyo maana mlima bado unakushinda. Anza na koili. Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, kwa kipimo cha rotari, kile cha kawaida hakikuoneshi kila uso wa rota. Kipande kinaweza kuzima taa, ugonjwa ukabaki. Na ukirudisha masega kabla ya kutengeneza koili, utayaunguza hayo mapya.

Dereva Kiziwi: Kwa risiti hiyo, nafuta neno langu. Pole, mwalimu.

Mtu wa Tabata: Gari liko kwake sasa hivi, na nusu ya hela anayo. Nikienda kesho atanipa?

Mama Wawili: Usiende peke yako. Chukua shemeji mwenye sauti, nenda asubuhi wateja wengine wakiwepo, na risiti upige kopi kabla hujamwonesha.