Hema la turubai, kuba au nyumba ya mtini: kipi kinaifaa familia kwa wikendi ya mashambani?

Msafiri wa Jioni (mwanzilishi wa mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Familia yangu imekubaliana kutoka mjini mwishoni mwa wiki na kwenda kulala mashambani katika kambi ya kifahari, yaani mahali ambapo hema limeshasimamishwa, vitanda vimetandikwa na mgeni anafika na begi lake tu. Mwenyeji tuliyempata ana malazi ya aina tatu katika eneo moja. Kuna hema kubwa la turubai la pamba, lililosimamishwa juu ya sakafu ya mbao, lenye choo na bafu kwa nyuma. Kuna kuba mbili, yaani mahema ya mviringo kama nusu ya mpira, zinazokaribiana, kila moja ikiwa na dirisha angavu na pana upande wa mbele, ambazo wageni wake hutumia choo cha pamoja. Halafu kuna nyumba ya mbao iliyojengwa mtini, na hiyo ndiyo watoto wanayoililia. Malipo ya awali yanatakiwa kabla ya Ijumaa. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kuchagua. Nawasilisha.

Fundi Turubai

Karibu sana, mkuu. Hata hivyo, umetueleza malazi bila kutueleza watakaolala humo. Watoto ni wangapi na wana umri gani? Je, mnakwenda na mzee yeyote? Eneo hilo lina mwinuko gani, na ni msimu gani wa mwaka? Bila majibu hayo kila mmoja wetu atakutajia anachokipenda yeye, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia uchukue turubai.

Sababu yangu ni hii. Turubai la pamba linapitisha hewa, kwa hiyo mvuke wa pumzi za watu wanaolala hupata pa kutokea, na mvua inapolilowesha nyuzi zake huvimba na kuziba matundu madogo yaliyo kati yake. Kuba nyingi hufunikwa kwa plastiki nzito isiyopitisha hewa. Usiku wa baridi mvuke hugeuka maji kwenye ngozi ya ndani, na alfajiri utayakuta matone yakiteremka hadi kwenye mashuka ya kitanda kilichosogezwa ukutani.

Mpenda Kuba

Ndugu Fundi ameieleza kasoro kwa usahihi, lakini ameacha kusema kwamba inategemea matunzo. Kuba yenye tundu la hewa juu na jingine chini, ikiwa na bitana ya ndani, haina shida hiyo kwa kiwango anachokieleza. Vilevile tusisahau upepo. Umbo hili, ambalo mbunifu Mmarekani Buckminster Fuller alipewa hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1954, limeundwa kwa pembetatu zinazogawana uzito, hivyo upepo wa kishindo hausukumi ukuta mmoja peke yake kama unavyofanya kwenye hema lenye pande zilizonyooka. Na kwa familia, kulala huku mkitazama nyota bila kutoka nje ni jambo ambalo watoto hawatalisahau.

Msafiri wa Jioni

Nawashukuru wote. Watoto ni watatu: mkubwa ana miaka 11, wa kati 7 na mdogo 3. Tunakwenda msimu wa baridi. Mwenyeji anasema kambi iko bondeni, kando ya mto, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi.

Mama Pacha

Dada au kaka yangu, naomba unisome kwa utulivu, kwa sababu jambo hili lilitukuta sisi wenyewe na sitaki liwakute watoto wako.

Tulichukua kuba mahali ambapo sitapataja. Tangazo lilisema choo kipo karibu. Ni kweli kwamba kilionekana kutoka mlangoni, ila kilikuwa ng'ambo ya mteremko wa udongo usio na ngazi wala taa. Usiku mvua ikaanza, na mmoja wa pacha wangu, ambaye wakati huo hakuwa amefikisha miaka minne, akaamka akitaka kwenda haja. Nilifika mlangoni nikiwa nimembeba kwa mkono mmoja na tochi nimeiuma kwa meno, nikaanza kuvuta zipu. Ilipofika usawa wa goti ikauma pindo la kitambaa cha ndani na kugoma, haipandi wala haishuki, na mvua ikawa inaingia kwa pale palipoachia na kulowesha blanketi la mwenzake. Tulipofanikiwa kutoka, mteremko ulikuwa umegeuka tope tupu, nikalazimika kushuka kwa makalio huku nimempakata mtoto. Alfajiri lilikuja la pili: dirisha lile pana lilikuwa limeelekezwa mashariki bila pazia, na mvua ilipoisha jua likaingia moja kwa moja. Muda mfupi baadaye ndani palikuwa na joto la kuchemka, na watoto ambao hawakuwa wamelala walikuwa wanalia wote wawili. Mwenyeji alipoulizwa alijibu kwamba wageni wengine hawajawahi kulalamika.

Kwa hiyo mimi siangalii umbo la hema kabisa. Nauliza choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani, na njia yake ikoje gizani wakati wa mvua. Mwenye mtoto wa miaka 3 achukue penye choo ndani.

Mpenda Kuba

Pole sana, dada. Lakini yaliyokukuta ni makosa ya mwenyeji aliyeweka kuba mahali pabaya. Kuba yenyewe haina hatia.

Mama Pacha

Nakubali, ndugu yangu, ila usiku ule nililala na mpangilio mzima wa mwenyeji, pamoja na mteremko wake.

Kilele

Hakuna aliyegusia mwinuko na bonde, na hapo ndipo kuna kazi. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo kwenye mita 2,000 mtarajie upungufu wa nyuzi 13 hivi ukilinganisha na usawa wa bahari. Zaidi ya hapo, usiku mtulivu usio na mawingu hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama chini kabisa bondeni. Hema lililo juu kidogo kwenye mteremko linaweza kuwa na joto kuliko lililo kando ya mto, ingawa la mtoni ndilo lenye picha nzuri. Muulize mwenyeji kama ana nafasi ya juu zaidi. Muulize pia aina ya magodoro, maana godoro la kujaza upepo hupitisha baridi kutoka chini, na mtu hujifunika blanketi tatu juu akiendelea kutetemeka. Blanketi moja ikitandikwa chini yake, kabla ya shuka, husaidia sana.

Msafiri wa Jioni

Mwenyeji amenijibu kwamba baridi isitutie hofu, kwa kuwa kila kuba ina jiko la kuni na kwenye hema la turubai ataweza kutuletea jiko la mkaa jioni.

Nesi wa Zamu

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata kwa dakika chache. Naliandika hili kwa msisitizo wote nilio nao. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata baada ya moto kufifia na watu kuona kwamba limebaki vuguvugu tu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo mtu huzidhania uchovu wa safari, na aliyelala huenda asiamke kabisa. Kufungua mlango kidogo au tundu la hewa si kinga.

Jiko la kuni lililofungwa, lenye bomba linalotoa moshi nje, ni suala tofauti, ila lisikose king'ora cha kaboni monoksaidi kinachofanya kazi. Mwombe mwenyeji picha ya bomba na ya king'ora. Mwenyeji anayependekeza mkaa ndani ya turubai ningemtilia shaka katika mengine pia.

Fundi Turubai

Nesi amesema kweli, na ingawa napenda turubai sitalitetea hapo. Chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye taulo, zikiwekwa kitandani kabla ya kulala na kuondolewa mtoto anapoingia, zinatosha.

Seremala Mstaafu

Nimeona nyumba ya mtini imepitwa haraka, nami nadhani inastahili haki yake. Mtoto wa miaka 11 na yule wa 7 watafurahi mno. Kinachonitia wasiwasi ni huyo wa miaka 3. Ukingo wa baraza usiwe na nafasi zinazozidi sentimita 10 kati ya fito na fito, na usiwe na mbao zilizolazwa ambazo mtoto anaweza kuzipanda kama ngazi. Mlango wa kuteremkia uwe na komeo lililo juu asikofikia. Kama ndani kuna vitanda vya ghorofa, kitanda cha juu kisilaliwe na mtoto aliye chini ya miaka 6.

Msafiri wa Jioni

Nimepima yote haya na nilikuwa naelekea kwenye turubai bila mkaa. Hata hivyo, jana jioni mama yangu mzazi amesema naye anakuja. Goti lake linamsumbua, na nilipomwonyesha picha amechagua kuba, kwa kuwa anataka kuziona nyota akiwa kitandani.

Mama Pacha

Mzee mwenye goti bovu na choo cha pamoja! Hilo lilipaswa kuwa katika sentensi yako ya kwanza. Mpe shikamoo kwa niaba yetu, na umweleze habari za njia ya chooni kabla hajaupenda mpango huo zaidi.

Kilele

Au mgawane: mama yako alale kwenye turubai na mdogo, wakubwa walale kwenye kuba na mzazi mmoja, na usiku nyote mkutane kwenye moto wa nje.

Mpenda Kuba

Naunga mkono. Moto wa nje ukiisha, fukieni makaa kwa mchanga, kazi imekwisha.

Nesi wa Zamu

Hapana, ndugu yangu. Mchanga huyaficha makaa na kuyahifadhia joto, na asubuhi yake mtoto hupita pekupeku mahali panapoonekana pamepoa. Mwageni maji, mkoroge, mmwage tena hadi pasitoke mvuke.

Mpenda Kuba

Maji yakimwagwa ghafla kwenye mawe yaliyopata moto, mawe yanaweza kupasuka na kurusha vipande. Nimeliona kwa macho yangu.

Nesi wa Zamu

Ndiyo maana humwagwa kidogo kidogo, watoto wakiwa mbali. Msafiri, muulize mwenyeji kama kuna bomba au ndoo ya maji karibu na mahali pa moto, na umuulize leo, kwa sababu kesho ni Ijumaa.