Naomba ushauri: nafasi ya Kinjeketile nimpe nani?

Mwongozaji_Moro: Wakuu, habari za jioni. Ninaongoza kikundi cha maigizo cha kujitolea hapa Morogoro. Hatulipani, na nauli kila mtu anajitafutia. Mwezi ujao tutaigiza *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, nami nimekwama kwa mhusika mkuu. Vijana wawili wameisoma nafasi hiyo mbele yangu. Mmoja ana kipaji, lakini ni mlinzi wa usiku, na ninahofia uchovu utamfanya akose mazoezi. Mwingine bado anajifunza, ila nina hakika naye kila siku. Je, nikitanguliza mahudhurio nitakuwa nimekosea? Ni siku ya tatu sasa sipati usingizi.

Bibi_wa_Rufiji: Mwanangu, mimi nitazungumzia heshima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Yeyote utakayempa nafasi hiyo, mfundishe kwanza ni mzee wa nani anayemvaa.

Mvita_Asilia: Umenikumbusha mbali. Nilipokuwa shuleni hapa Mombasa tulijiandaa kwa tamasha la maigizo la shule, na mimi nilikuwa nimekariri maneno yote ya malkia. Siku mbili kabla ya safari, nafasi ile akapewa binti wa mmoja wa wakubwa wa shule, nami nikakabidhiwa kazi ya kushika pazia. Leo nina watoto watatu na maneno yale bado ninayajua, neno kwa neno.

Mdadisi: Pole, dada. Mwongozaji, nina maswali mawili. Huyo mlinzi amekosa mazoezi mara ngapi? Na huyo mwingine ni nani kwako?

Mwongozaji_Moro: Mlinzi hajakosa hata mara moja. Huyo mwingine ni mtoto wa dada yangu. Sikulitaja hilo kwa sababu nilitaka mnijibu kuhusu uigizaji, si kuhusu ukoo. Tena lazima mfahamu kwamba ukumbi ulilipiwa na dada, ambaye hakuniwekea sharti lolote, na kwamba mabango 40 yenye picha ya mpwa wangu yamekwisha kubandikwa. Kijana ana bidii. Kumvua nafasi sasa ni kumwaibisha mbele ya mtaa mzima.

Mdadisi: Basi hukuja kuuliza umchague nani. Umekwisha kuchagua, na ulichokuja kutafuta kwetu ni ruhusa.

Baba_Wawili: Mimi naona mnamwonea. Kikundi kisicho na fedha kinaendeshwa na ndugu, na mgeni njoo hakulipii ukumbi. Mpwa aigize Ijumaa, mlinzi aigize Jumamosi, mambo yaishe.

Jicho_Kali: Samahani, mimi siamini kwamba anayeandika hapa ni mwongozaji. Mwongozaji gani angesema waziwazi kwamba mlinzi hajakosa mazoezi hata mara moja? Ninavyoona, huyu ni mlinzi mwenyewe, ameukalia uchungu wake na sasa anatutumia sisi kumsuta bosi wake.

Mvita_Asilia: Hata kama ni yeye, kosa lake ni lipi?

Mwongozaji_Moro: Mimi si mlinzi, na natamani ningekuwa na sauti yake. Siku ya usaili alikuja amevaa sare, tochi ikiwa kiunoni, kwa kuwa zamu ilikuwa inamsubiri. Alipofika pale ambapo Kinjeketile anatambua kwamba Hongo, mzimu uliompanda, amesema watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani wa Zanzibar, hakupaza sauti. Aliishusha, akayatamka maneno yale polepole kama mtu anayeogopa kuyasikia, na binti aliyekuwa akifagia nyuma ya ukumbi akasimama na ufagio wake mkononi. Maneno hayohayo mpwa wangu aliyapigia kelele. Niliyaona yote mawili, na bado nikaenda kuchapisha mabango.

Mwalimu_Mstaafu: Ahsante kwa kulisema hilo. Tafuta watu watatu wasio wa kikundi wala wa ukoo wako, vijana wasome upya kipande kilekile, na kila msikilizaji aandike jina kwenye karatasi kabla ya kuzungumza na mwenzake. Wewe ukae nje. Kuhusu kugawana siku, sishauri, kwa sababu kila mwigizaji atapata nusu ya mazoezi, na wenzake watalazimika kumzoea Kinjeketile wawili. Kama mpwa wako hatachaguliwa, mpe Kitunda. Huyo ndiye anayewafunza watu kupigana huku mwenyewe akiwa na mashaka na yale maji ya dawa yaliyoaminiwa kukinga risasi, na si nafasi ya kumfariji mtu.

Mwongozaji_Moro: Nimekuelewa, Mwalimu. Nimewaambia wote wawili waje Jumamosi saa tisa alasiri, kabla mlinzi hajaingia zamu. Mpwa wangu ameuliza kwa nini asome tena, na sijamjibu. Dada amepiga simu mara mbili tangu jioni. Ngoja nimpigie.