Naomba ushauri: samaki wenye seti tatu za kromosomu wanaweza kuzaliana?

Mfugaji Mgeni
Habari zenu wakuu. Nina bwawa la karpi wa aina ya Carassius gibelio, ambao niliuziwa kwa maelezo kwamba wote ni majike, wana seti tatu za kromosomu, yaani ni triploidi, na kwa hiyo ni tasa. Sasa naona vifaranga kwenye majani ya pembezoni. Je, inawezekana? Nahitaji jibu mapema kwa sababu kuna uamuzi unaonisubiri.

Fundi Vifaranga
Pole, mkuu. Mimi nilifanya kazi kwenye kituo cha kutotolesha perege triploidi. Mayai yaliyokwisha kurutubishwa yalitiwa kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, ili yai lisitupe nje seti ya kromosomu ambayo kwa kawaida hulitoka. Perege wa kawaida ana kromosomu 44, triploidi ana 66. Joto likikosewa kidogo, baadhi hubaki na seti mbili na huzaa kama kawaida, na ndiyo maana tulipima ukubwa wa chembe zao za damu. Bila shaka waliokuuzia hawakupima.

Bi Mkubwa wa Bwawa
Kununua kiumbe usichokifahamu vizuri ni kujitafutia matatizo. Vijana mna haraka mno.

Mwalimu wa Baiolojia
Fundi, hayo ni kweli kwa perege, lakini gibelio hatengenezwi kwa joto. Ana kromosomu zipatazo 150 kwa asili, na jike wake hutaga mayai ambayo hayakupunguza seti hata moja. Yai hilo linahitaji kuamshwa na mbegu ya kiume, hata ya samaki wa spishi nyingine, kisha kwa kawaida jeni za dume hazitumiki, na mtoto hutoka nakala ya mama yake. Njia hii huitwa ginojenesisi. Mtoa mada, je, humo bwawani mna samaki gani wengine?

Mfugaji Mgeni
Wapo karpi wa kawaida wachache, Cyprinus carpio. Sikuona kama lina uhusiano na swali langu. Ninachotaka kujua ni kama naweza kuwahamishia vifaranga hao kwenye lambo la jirani linalotiririkia mtoni. Nimekwisha kumwahidi, na naamini kwamba mtoto wa samaki tasa atakuwa tasa pia.

Msomaji Makini
Samahani, nashuku kwamba kisa hiki kimetungwa. Mtu anasema ana majike watupu, kumbe ana karpi wa kawaida, ambao ndio wazazi wa vifaranga hao bila miujiza yoyote. Tasa tena azae tasa?

Mfugaji Mgeni
Sijatunga. Karpi wangu wa kawaida wote ni madume, kwani nilipowabana tumbo msimu huu walitoa shahawa.

Mwalimu wa Baiolojia
Hapo ndipo penye jibu, na lilipaswa kuwa kwenye sentensi ya kwanza. Shaka ya Msomaji hata hivyo ni ya haki, na inapimika: karpi wa kawaida ana jozi mbili za masharubu mdomoni, gibelio hana kabisa. Waache vifaranga wakue kidogo ndipo uwaangalie, kwa maana wakiwa wachanga masharubu hayajaota. Wasipokuwa nayo, tena wote wakawa majike, ujue mama zao wamejinakili. Seti tatu humfanya perege awe tasa kwa sababu kromosomu zinashindwa kupangana wawili wawili zinapogawanyika. Gibelio ameuruka mgawanyiko huo, hivyo kikwazo hakimpati. Jike mmoja akifika mtoni penye madume wa jamaa zake, ameanzisha ukoo.

Mfugaji Mgeni
Lakini ahadi nimeitoa, na lambo lile lina wavu.

Fundi Vifaranga
Wavu haumzuii kifaranga mwenye urefu wa ukucha. Mwalimu amenielimisha, nami nabadili ushauri wangu: watoe madume wote wa karpi wa kawaida, ziba mfereji wa kutolea maji, na mpe jirani samaki wengine.

Mfugaji Mgeni
Mfereji nitauziba leo. Madume ningependa kuwabakisha, ila nitawatenga kwenye tangi.

Mwalimu wa Baiolojia
Inatosha. Majani uliyoyaona na vifaranga usiyatupe kijitoni, kwa kuwa mayai ya gibelio hunata kwenye mimea. Yaanike juani mbali na maji mpaka yakauke kabisa.